Punje za Yanbu, ndoo za Jeddah

Nimeishi Jeddah kabla ya kuhamia Riyadh, na kuna jambo ambalo tumekuwa tukilibishania barazani bila kulimaliza: kwa nini nchi inaweza kuruka kwa teknolojia na huku viwanda vyake vya kawaida vinajikongoja?

Hadi miaka ya 1970 sehemu kubwa ya gesi iliyotoka pamoja na mafuta hapa Saudia ilichomwa bure. Mwaka 1975 ikaundwa Tume ya Kifalme ya Jubail na Yanbu, na 1976 likazaliwa shirika la SABIC, makao yake Riyadh, mwenyekiti wa kwanza Ghazi al-Gosaibi, waziri wa viwanda (na mshairi pia, jamani). Kampuni za Marekani na Japani zikaingia ubia, zikaja na mitambo na ujuzi, na gesi ile ile ikawa plastiki na mbolea. Si jambo dogo.

Lakini mtambo wa namna ile unakula mtaji mwingi na kuajiri watu wachache. Punje za plastiki zinapakiwa melini kwenda Asia. Sasa nenda masoko ya Jeddah utazame kinachoshuka bandarini: ndoo, viti, vitu vya watoto kuchezea. Viwanda vya plastiki hapa vipo, sikatai. Ila mtambo unanunuliwa kwa mkataba mmoja. Fundi wa kuchonga kalibu ya ndoo hupatikani kwa mkataba, anachukua miaka kumpata.

Sisi tulianzia upande wa pili. Urafiki, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, kilisokota uzi, kikafuma, kikachapa kanga. Miaka ya 1980 fedha za kigeni za vipuri zikaadimika, mitambo ikachoka, kisha soko likafunguliwa na mitumba ikamwagika. Mwaka 2008 M-Pesa ikafika Tanzania, na leo bibi kijijini anapokea pesa kwa simu, naye kavaa kanga iliyochapwa India.

Hapa nako iqama zinahuishwa kwa simu kupitia Absher. Na mwaka 2023 Lucid wamefungua kiwanda cha magari ya umeme kaskazini ya Jeddah, wakaanza kwa kuunganisha magari yanayoletwa vipande vipande kutoka Arizona. Wengine wanacheka. Mimi sicheki, nangojea kuona nani atachonga vipuri.

Kama yupo humu aliyefanya kazi karakana ya Urafiki zama zile, tafadhali atueleze: kipuri gani mliwahi kukitengeneza wenyewe?