Chini ya kilti: swali la Waskoti lililofika Harrow

Harrow, kaskazini-magharibi ya jiji la London, ni mahali ambapo mavazi humtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa. Juu ya kilima ipo shule ya wavulana iliyopewa hati ya kifalme na Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1572, na hadi leo wanafunzi wake hupita barabarani wakiwa wamevaa kofia bapa za majani makavu. Chini ya kilima yamepangana maduka ya sari, ya vito na ya vitambaa vya harusi. Katika sensa ya mwaka 2021, zaidi ya mkazi mmoja kati ya kila wanne wa Harrow alijitaja kuwa muumini wa dini ya Kihindu, kiwango ambacho hakikufikiwa na manispaa nyingine yoyote ya England na Wales.

Ni katika mitaa ya upande huu wa London ambako mgeni huweza kukutana na jambo asilolitarajia. Hupita maandamano ya sherehe za kidini, na mbele yake ipo bendi ya watu wenye asili ya Gujarat, wamevaa soksi ndefu na kilti, ile sketi ya mikunjo ya wanaume wa Uskoti, huku wakipuliza zumari za mfuko. Hao ni waumini wa madhehebu ya Swaminarayan, ambao hekalu lao lipo Kingsbury, mwendo mfupi kutoka Harrow. Bendi yao iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na inasimuliwa kuwa kiongozi wao wa kiroho aliwashauri waianzishe baada ya kusikia zumari za Kiskoti zikipigwa katika uwanja wa Trafalgar.

Kilti inapopita, popote pale duniani, swali moja huifuata: je, chini yake huvaliwa nini? Swali hilo huulizwa kwa kicheko, na mara nyingi hujibiwa kwa kicheko. Lakini ndani yake imo historia ya sheria, ya jeshi na ya heshima ya mtu, historia ambayo msikilizaji wa Lamu, Kampala au Muscat hatakosa kuitambua.

Jibu la kale lilikuwa shati

Wengi huamini kwamba kutovaa kitu chini ya kilti ni desturi ya mababu wa Kiskoti tangu enzi na enzi. Historia haiungi mkono imani hiyo.

Vazi lililotangulia kilti ya leo lilikuwa shuka kubwa la sufu, lililoenea katika Nyanda za Juu za Uskoti kuanzia mwishoni mwa karne ya 16. Kwa lugha ya Kigaeli liliitwa féileadh mòr, yaani kilti kubwa. Halikushonwa. Mwanamume alilikunja mikunjo, akalifunga kiunoni kwa mkanda, na sehemu iliyobaki akaitupia begani. Usiku alilifungua akajifunika kama blanketi. Mmasai aliyezoea shuka lake jekundu lenye miraba asingehitaji kufundishwa namna ya kulitumia.

Chini ya shuka hilo palikuwa na vazi lililojulikana vyema: shati refu la kitani, ambalo aghalabu lilifika mapajani au magotini. Katika mapigano ya Killiecrankie, Julai mwaka 1689, wapiganaji wa Nyanda za Juu walitupa mashuka yao na kumshambulia adui wakiwa na mashati peke yake. Kwa hiyo lile vazi la ndani ndilo walilobaki nalo mbele ya macho ya adui.

Kilti fupi, yenye sehemu ya kiunoni tu, ilijitokeza mwanzoni mwa karne ya 18. Simulizi moja mashuhuri inampa sifa ya kuibuni Thomas Rawlinson, Mwingereza mwenye kiwanda cha chuma, aliyetaka vibarua wake wafanye kazi bila kuzongwa na shuka zito. Wapo Waskoti wasioikubali simulizi hiyo, kwa kuwa ni machungu kuambiwa kwamba vazi la taifa lako lilikatwa na mgeni.

Nguo inapogeuka kuwa kosa

Aprili mwaka 1746, jeshi la serikali ya Uingereza liliwashinda waasi wa Nyanda za Juu katika uwanja wa Culloden. Bunge halikuridhika na ushindi wa silaha. Lilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu. Aliyekamatwa mara ya kwanza alistahili kifungo cha miezi 6, na aliyerudia angepelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1782.

Watawala waliona katika nguo ile alama ya watu wasiotawalika. Afrika Mashariki nayo imeyaona mambo ya namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, maofisa wa serikali ya Tanzania waliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache shuka na kuvaa suruali, kwa hoja kwamba vazi lao liliacha miili wazi na kuliaibisha taifa. Katika Uskoti na katika Umasai, aliyeshika madaraka alijipa haki ya kuamua mwili wa mwingine umesitirika kiasi gani.

Hata hivyo, sheria ya mwaka 1746 iliacha mlango mmoja wazi. Wanajeshi wa vikosi vya Nyanda za Juu waliokuwa chini ya mfalme waliruhusiwa kuendelea kuvaa kilti. Vazi lililokuwa kosa kwa mkulima likawa sare kwa askari, na katika kambi za jeshi ndiko swali la nguo ya ndani lilikopata jibu jipya.

Hadithi ya jeshi

Katika vikosi hivyo kutovaa kitu chini ya kilti kuligeuka kuwa jambo la fahari, na kukazaa masimulizi mengi. Husimuliwa kwamba askari walikaguliwa kwa kioo kilichofungwa kwenye ncha ya fimbo. Pia lipo jibu la utani ambalo kila Mskoti analijua. Kwa Kiingereza, neno moja lina maana ya kuvaliwa na maana ya kuchakaa. Hivyo askari akiulizwa ni kitu gani kilichovaliwa chini ya kilti, hujibu kwamba hakuna kilichochakaa, vyote vinafanya kazi barabara.

Wakubwa hawakuwa majasiri kiasi hicho. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, ziara ya kwanza ya mfalme aliye madarakani kufika Uskoti kwa zaidi ya miaka 170. Mwandishi Walter Scott ndiye aliyepanga sherehe. Mfalme alijitokeza amevaa kilti, na mavazi yake yaligharimu zaidi ya pauni 1,300, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Lakini miguu yake aliisitiri kwa soksi ndefu za kubana zenye rangi ya ngozi, na wachoraji wa vibonzo wakapata kazi. Mchoraji David Wilkie, alipomchora baadaye katika picha rasmi, aliziacha soksi hizo. Katika picha, mfalme ana miguu mitupu kama shujaa wa milimani.

Gharama halisi ya fahari hiyo ililipwa na askari wa kawaida. Katika mahandaki ya Vita Vikuu vya Kwanza, mikunjo ya sufu ilihifadhi chawa, ikalowa matope na kuwa mizito, na wakati wa baridi kali pindo zilizoganda zilichuna ngozi nyuma ya magoti. Ujerumani ilipoanza kutumia gesi ya haradali mwaka 1917, ngozi iliyokuwa wazi ndiyo iliyoungua. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, kilti iliondolewa katika mavazi ya mapambano, na kikosi cha Cameron Highlanders ndicho kinachokumbukwa kuwa cha mwisho kuivaa vitani, nchini Ufaransa mwaka 1940.

Mwaka 1968 ilitoka filamu ya vichekesho ya Kiingereza iitwayo Carry On Up the Khyber. Kisa chake ni kwamba wenyeji wa mpakani mwa India wanakiogopa kikosi cha Kiskoti kwa kuamini kuwa hakivai kitu chini ya kilti, hadi askari mmoja anapofumaniwa na chupi na hofu hiyo kuyeyuka. Ulikuwa mzaha, ila ulidokeza jambo la kweli kuhusu utawala wa kikoloni: sehemu kubwa ya nguvu zake ilitegemea kile ambacho wanaotawaliwa waliaminishwa. Mwaka 1997 upepo ulimaliza ubishi mbele ya kamera, pale kilti ya askari wa kikosi cha Black Watch ilipopeperuka mjini Hong Kong, wakati Uingereza ikijiandaa kuirejesha bandari hiyo kwa China.

Nguo ya kuazima

Leo kilti ni vazi la harusi, la mahafali na la mashabiki wa soka. Wengi hawanunui, hukodi. Hapo ndipo methali ya Waswahili inapopata maana yake kamili: nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwaka 2010 mkurugenzi wa Mamlaka ya Tartani ya Uskoti, taasisi inayotetea kitambaa hicho cha miraba, aliwataka wanaume wavae nguo ya ndani kwa ajili ya usafi na staha, akisema kwamba kutofanya hivyo ni utoto. Baadhi ya Waskoti waliudhika, wakaona desturi yao inaingiliwa. Lakini kilti ya kukodi wiki ijayo itakuwa kiunoni mwa mtu mwingine, na hoja ya usafi ni ngumu kuipinga.

Wenye kuivaa kila mara wameshaamua bila kelele. Wacheza ngoma za Nyanda za Juu hutakiwa kuvaa nguo ya ndani wanaposhindana, na warusha magogo na mawe katika michezo ya Kiskoti huvaa kaptula za kubana. Jibu, kwa hiyo, hutegemea kazi iliyo mbele ya mvaaji.

Kikoi chini ya kanzu

Pwani ya Afrika Mashariki ina swali lake la aina hiyo, ingawa haliulizwi kwa sauti. Kanzu nyeupe ya mwanamume wa Lamu, Mombasa au Unguja ni nyepesi, na mwanga wa jua huweza kupenya. Kwa desturi, chini yake hufungwa kikoi au shuka, na juu huvaliwa fulana. Omani, chini ya dishdasha hufungwa wizara, kitambaa kinachozungushwa kiunoni. Nchini Uganda, ambako kanzu ilifika na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, mwanamume huvaa koti juu yake na suruali chini yake.

Vazi ni moja na majibu ni matatu. Mskoti wa zamani alivaa shati refu ndani na shuka nje; Mswahili huvaa kikoi ndani na kanzu nje. Tofauti ipo katika mazungumzo. Kwa Mswahili, kinachositiriwa hakizungumzwi hadharani, na kumuuliza mtu mzima kuhusu nguo yake ya ndani ni kumvunjia heshima. Mskoti ameizoea karaha hiyo, akaigeuza mzaha wake mwenyewe kabla mgeni hajamcheka.

Kutoka Kampala hadi Kingsbury

Mwaka 1972 Rais Idi Amin wa Uganda alipiga marufuku sketi fupi za wanawake. Agosti mwaka huohuo alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke nchini katika muda wa siku 90. Amin alikuwa amejiunga na jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, aliipenda sana Uskoti, na baadaye akajiita mfalme wa Waskoti asiyetawazwa. Mtu aliyewapangia wanawake urefu wa sketi alikuwa mpenzi wa nchi ambayo wanaume wake huvaa sketi.

Takriban Waasia 28,000 wa Uganda waliingia Uingereza. Wengine, kutoka Kenya, walikuwa wametangulia kuanzia mwaka 1967, baada ya sheria mpya za vibali vya kazi kuwabana wasio raia. Familia nyingi ziliweka makazi Harrow, Wembley na Kingsbury, zikiwa na masanduku machache na Kiswahili cha sokoni ambacho wazee wao hawajakisahau. Baadhi ya waumini wa Swaminarayan walipitia njia hiyohiyo, na mjini Nairobi nako madhehebu hayo yana bendi ya zumari.

Watu waliofukuzwa kwa sababu ya asili yao walifika ugenini, na baadhi yao wakavaa nguo ambayo nayo iliwahi kufukuzwa. Hakuna aliyewaazima: mikunjo wanaipiga pasi wenyewe, na watoto wao wamekua nayo. Kwao kilti imekuwa nguo ya ibada, inayovaliwa mbele ya hekalu na mbele ya wazazi.

Siku ya sherehe, zumari zinapoanza kulia Kingsbury, watazamaji husogea kando ya barabara na watoto hukimbia mbele kuangalia ngoma kubwa. Wapo wanaonong'onezana swali lile la zamani na kucheka. Bendi huwapita kwa hatua za pamoja, macho mbele, bila kumjibu mtu.