Kwa nini Lykaon aligeuzwa mbwa mwitu?

Hadithi za Ugiriki ya kale zina karamu za kutisha. Tantalos alimchinja mwanawe Pelops akawaandalia miungu. Atreus alimkaribisha ndugu yake Thyestes mezani, kumbe nyama iliyopikwa ni ya watoto wa Thyestes mwenyewe. Sasa, Wagiriki walitaka kutufundisha nini?

Tumchukue Lykaon, mfalme wa Arcadia. Zeus alifika kwake kama mgeni. Lykaon akataka kumpima kama kweli ni mungu: akamuua mtu, akampika, akamtengea. Zeus akagundua, akamgeuza mbwa mwitu.

Adhabu hiyo ina maana yake. Kwa Wagiriki, binadamu alikuwa katikati, miungu juu na wanyama chini. Kwenye sadaka, moshi wa mafuta na mifupa ulipanda kwa miungu, na nyama wakala watu. Kila mmoja alijua nafasi yake. Mgeni naye alilindwa na Zeus. Lykaon alivunja yote mawili kwa mlo mmoja, na sura aliyopewa ililingana na tendo lake.

Katika karne ya 4 KK, Plato aliitumia imani hiyo kuzungumzia siasa. Katika kitabu chake cha Jamhuri anasema mtetezi wa wananchi akishaonja damu ya wenzake hugeuka dikteta, kama vile aliyeonja nyama ya mtu anavyogeuka mbwa mwitu.

Je, watu waliliwa kweli? Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba wanaakiolojia wamepata mifupa ya kijana wa miaka kama 3,000 iliyopita kwenye madhabahu ya Zeus, juu ya mlima Lykaion. Magazeti yakachangamka. Lakini mifupa hiyo haithibitishi kwamba alitolewa sadaka, sembuse kuliwa. Mifupa mingi ya pale ni ya kondoo na mbuzi.

Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anasimulia kwamba aliyegeuka mbwa mwitu kwenye sadaka ya mlima huo aliweza kurudi kuwa mtu mwaka wa kumi. Sharti lilikuwa moja tu: asile nyama ya mtu muda wote huo. Yaani hata akiwa na meno ya mbwa mwitu, bado alitakiwa kujizuia. Kwa Wagiriki, utu ulianzia hapo.