Mwamuzi wa Mchezo: Kutoka Prusia hadi Gitega

Wajerumani waliofanya Gitega makao ya utawala wao mwaka 1912 walitoka katika jeshi lililozoea vita vya mezani. Kanuni alizotoa Georg von Reisswitz mwaka 1824 zilimweka mwamuzi kati ya wachezaji: wao humpa amri zao, naye hutupa dadu, husoma jedwali, kisha hutamka nani ameshindwa. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akaliweka jedwali kando. Mwamuzi mzoefu na aamue kwa busara yake. Mzozo huo waliurithi Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, ambao katika mchezo wao wa Dungeons & Dragons wa mwaka 1974 mwamuzi ni msimulizi pia.

Burundi, hata hivyo, haikuingoja Prusia. Gitega na Muyinga, huko karibu na mpaka wa Tanzania, mtegaji husema kwa Kirundi "Sokwe!", akajibiwa "Niruze!", kama sisi tusemavyo "Kitendawili!" na "Tega!" Kwetu, aliyeshindwa hutoa mji ndipo afumbuliwe.

Lakini jibu likiwa jingine, nalo lafaa? "Nyumba yangu haina mlango." Kitabu chasema yai. Mtoto asema kaburi. Mwalimu aliyeshika kitabu, mfuasi wa Reisswitz bila kujijua, hukata alama; na darasa letu limejaa walimu hao. Bibi kando ya moto hufikiri kidogo, hucheka, kisha humpa mtoto mji.