Vyombo vya Kufungulia Makasha na Majina Yake

Kwa miaka mingi bidhaa za mbali zilifika katika nchi yetu zikiwa ndani ya makasha ya mbao yaliyopigiliwa misumari. Maboksi ya karatasi na makontena yameyapunguza mno makasha hayo, na vyombo vya kuyafungulia vimekuwa adimu. Hata hivyo majina ya vyombo hivyo yangali yakiwasumbua wafasiri na watunza bohari.

Tuanzie Busunzu, katika miinuko ya Kibondo. Waha walijua kufua chuma tangu zamani, na neno nyundo lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu, Kiha kikiwamo. Lakini nyumba ya jadi ya Buha ilikuwa msonge wa miti na nyasi, viungo vyake vikikazwa kwa kamba. Nafaka nayo ilitiwa katika vyombo vya kusukwa. Pasipokuwa na msumari, hapana haja ya chombo cha kuung'olea. Pwani mambo yalikuwa tofauti. Huko Kiswahili kilipokea sanduku na msumari kutoka Kiarabu, kasha na parafujo kutoka Kireno. Yafaa kuangalia jambo moja: mzigo ulikuja na jina lake, lakini chombo cha kuufungulia hakikuja na jina lililo lake peke yake.

Mkoa wa Kigoma una kisa kikubwa cha makasha. Mwaka 1913 meli Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafumuliwa na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000. Yalivuka bahari hadi Dar es Salaam, yakasafirishwa kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, na huko meli ikaunganishwa upya. Iliteremshwa ziwani tarehe 5 Februari 1915. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza, na kiwanda kilichotengeneza vipande vyake hakikuweza tena kufikiwa. Kipande kilichopondwa na mfungua kasha asiye mwangalifu kisingeweza kuagizwa kingine. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Kasha lilifunguliwaje? Chombo sahili kuliko vyote kilikuwa kipande kifupi cha chuma, bapa na chenye ncha iliyopinda na kupasuliwa mfano wa ulimi wa nyoka. Ncha husukumwa chini ya kifuniko, mpini ukakandamizwa. Huo ni wenzo, na kisigino cha chuma ndicho egemeo. Ikiwa mpini una sentimita 60 kutoka kwenye egemeo, na ncha ina sentimita 3, nguvu ya mkono huzidishwa mara 20. Ndiyo maana ubao hupasuka upesi mikononi mwa mwenye haraka. Chombo cha pili, kilichotengenezwa viwandani Marekani tangu karne ya 19, kina taya mbili na mpini mzito unaoteleza juu na chini: mpini hupigwa ili taya zizame ubaoni na kubana kichwa cha msumari, kisha hulazwa, msumari ukatoka mzima. Hapo ubao husalimika, na katika sehemu ambazo mbao na misumari vilinunuliwa kwa shida, kasha tupu lilikuwa mali.

Sasa tazama tatizo. Vyombo hivi vyote viwili hutafsiriwa mtaimbo. Lakini kwa watu wengi mtaimbo ni ule mchi mrefu wa chuma wa kuchimbia mashimo na kung'olea mawe. Mwalimu wa ufundi anayeandika mtaimbo katika hati ya maagizo huenda akaletewa chuma kirefu kumshinda yeye mwenyewe, na mtunza bohari hawezi kulaumiwa, kwa kuwa amefuata neno lililoandikwa.

Sisi twaona mtaimbo uachiwe kazi yake ya kuchimba. Chuma kifupi cha kufungulia kiitwe wenzo wa makasha. Kile chenye taya kiitwe king'oa-msumari, kwa kufuata muundo wa kifungua-kinywa, uliokwisha kuzoeleka. Wapo watakaosema kwamba mafundi huridhika na maelezo tu, yaani chuma cha kung'olea misumari. Ni kweli, na katika mazungumzo maelezo hayo yatosha. Hati ya bohari, hata hivyo, ina safu nyembamba ya jina, na maelezo hayo hayaenei ndani yake.