Tezi Lililokatwa: Mtumbwi wa Ssese na Mashine

Mara nyingi tunafundishwa kwamba teknolojia ililetwa, nasi tukapokea. Mtumbwi wa Ssese wa Ziwa Viktoria unapinga maelezo hayo. Mwaka 1875 Stanley aliiona mitumbwi ya Kabaka Mutesa I vitani. Mbao zake zilishonwa kwa nyuzi. Baadaye misumari ikachukua nafasi ya nyuzi. Lakini mtumbwi wa makafi huchongoka mbele na nyuma, hivyo mashine zilizoingia Uganda miaka ya 1950 hazikuwa na pa kufungwa vizuri. Suluhisho likawa kulikata tezi na kuweka ubao bapa, imara, wa kubeba mashine. Mashine ilitoka ng'ambo. Mtumbwi wa kuipokea ulibuniwa ziwani. Mafundi hao nao wanastahili nafasi katika historia yetu.