Sokwe wa Rubondo na Fedha za Watu wa Mbali

Wanyamapori wa Afrika walikwenda Ulaya kwa miaka mingi, wakiwa ndani ya vizimba. Mwaka 1966 safari hiyo iligeuzwa. Kundi la sokwe waliokuwa wamefugwa katika bustani za wanyama za Ulaya lilipakiwa melini, likashushwa Dar es Salaam, likavushwa nchi nzima hadi Ziwa Viktoria, na hatimaye likaachiwa huru katika kisiwa cha Rubondo. Makundi mengine yalifuata hadi mwaka 1969, na jumla yao ikawa sokwe 17. Wengi walikuwa wamezaliwa katika misitu ya Afrika Magharibi, wakakamatwa wakiwa wachanga. Kisiwani Rubondo hapakuwahi kuwa na sokwe kabla yao.

Nauli yao haikulipwa na Hazina yetu. Ililipwa na Shirika la Zuolojia la Frankfurt, ambalo mfuko wake ulijazwa kwa sehemu kubwa na watazamaji wa televisheni wa Ujerumani Magharibi. Nimeichagua historia hii kwa sababu wanafunzi wangu huzungumzia ufadhili wa uhifadhi kana kwamba ni jambo la maombi ya mradi na ripoti za robo mwaka lililozuka juzi. Mchango wa mtu wa kawaida asiyeijua nchi yetu ulikwisha kubadili ramani ya ziwa letu kabla wazazi wao hawajazaliwa. Ninalotaka kulichunguza hapa ni tofauti baina ya yule aliyechangia msitu na yule aliyeulipia.

Kiutawala Rubondo leo inahesabiwa katika Mkoa wa Geita. Hata hivyo mvuvi wa Muleba anayetupa nyavu kutoka Ikuza au Bumbire hana haja ya kuelezwa kisiwa hicho kiko wapi, maana kwake ni jirani, na ni jirani asiyeruhusiwa kubisha hodi. Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 457, maji yakiwamo, na sehemu kubwa ya nchi kavu yake imefunikwa na msitu mnene wa kijani kibichi. Kabla ya wageni wa miaka ya 1960, wenyeji wa msitu huo walikuwa nzohe, pongo, tumbili, fisi maji, viboko na mamba. Palikuwa na binadamu pia. Nitarudi kwao.

Jina linalotajwa kwanza katika habari hii ni la Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo aliyeiongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt tangu 1945 hadi 1974. Filamu yake juu ya Serengeti ilitoka mwaka 1959, miezi michache baada ya mwanawe Michael kufa kwa ajali ya ndege huko huko Serengeti, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Lakini chombo chake chenye nguvu zaidi kilikuwa kipindi cha televisheni alichokianza mwaka 1956. Angeingia studio na mnyama hai, chui mdogo au tumbili, akamwacha apande juu ya meza huku yeye akiendelea kuzungumza kwa sauti ya upole, kisha akawaomba watazamaji wachangie wanyama walio hatarini. Nao walichangia. Watu waliokuwa wameiona miji yao ikigeuzwa kifusi miaka isiyozidi ishirini kabla yake walitoa marka zao kwa ajili ya mbuga ambazo wengi wao hawangezikanyaga maishani.

Ujerumani haikuwa peke yake. Oktoba 1961 gazeti la Daily Mirror la Uingereza lilitoa toleo maalumu, picha ya faru ikiwa ukurasa wa mbele, kuitangaza WWF iliyokuwa imeundwa mwaka huo huo, na wasomaji wakatuma takribani paundi 60,000. Mwezi uliotangulia, katika mkutano wa Arusha, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa tamko kwamba Tanganyika ingewalinda wanyamapori wake, lakini kazi hiyo ilihitaji wataalamu na fedha kutoka mataifa mengine. Serikali iliyokuwa miezi mitatu kabla ya uhuru, yenye madaktari wa kuhesabika na shule chache za sekondari, isingeweza kusema jambo jingine. Anayemlaumu Mwalimu kwa tamko lile na atuoneshe ni zahanati ipi angeifunga ili alipe mishahara ya askari wa wanyamapori.

Basi Rubondo ikawa safina. Mwaka 1965 ilitangazwa kuwa pori la akiba, na msimamizi wake wa siku hizo, Peter Achard, akaanza kupokea wageni waliokuwa hawajawahi kuishi kisiwani: faru weusi 16, twiga, mbega weusi kwa weupe, korongo, baadaye tembo. Hoja ilikuwa kwamba maji yangekuwa ukuta. Bara kulikuwa na majangili na mashamba yaliyokuwa yakipanuka, hivyo kisiwani mnyama angekuwa salama. Kwa twiga na tembo hoja ilithibitika, kwani wajukuu wao wapo hadi leo. Kwa faru ilishindwa. Ujangili uliwafikia pale pale walipopelekwa kukwepa ujangili, na hakuna hata mmoja aliyesalia.

Habari ya sokwe ni ya ajabu zaidi. Hawakupewa mafunzo yoyote ya kuishi porini. Mlango wa kizimba ulifunguliwa, basi. Baadhi walikuwa wamekaa miaka mingi mikononi mwa watu na hawakuwa na hofu ya binadamu hata kidogo. Madume wawili walipigwa risasi kwa sababu walikuwa wakishambulia watu. Waliobaki walijifunza upya matunda ya kula na namna ya kujenga viota juu ya miti, wakazaana, na leo uzao wao unahesabiwa kwa makumi. Wataalamu wa wanyama wa jamii ya nyani duniani huitaja Rubondo kama mojawapo ya mifano michache ya sokwe wa kufugwa waliorejea porini wakadumu. Ninaliandika hili bila kejeli.

Sasa nirudi kwa binadamu. Walioishi Rubondo walijulikana kama Banyarubondo, watu wa uvuvi na migomba. Kufikia mwaka 1966 serikali ilikuwa imewahamishia visiwa vya jirani na bara. Katika masimulizi mengi ya kitalii wanatajwa kwa sentensi moja, mara nyingi baada ya orodha ya ndege.

Mwanafunzi wa historia ya Kagera ana wajibu wa kuzisoma tarehe hizi mbili kwa pamoja. Mwaka 1965 Bunge letu lilipitisha sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, ule mfumo wa Buhaya ambapo mkulima aliishi na kuzikwa katika kibanja ambacho kisheria kilikuwa cha bwana mwingine, naye akamlipa kodi kizazi baada ya kizazi. Kwa sheria ile dola changa ilimwambia mtu wa Bukoba na wa Ihangiro kwamba jasho lake katika migomba ndilo linalompa haki ya ardhi. Mwaka huo huo, upande wa pili wa maji, dola hiyo hiyo ilikiweka akiba kisiwa chenye migomba ya watu. Sheria ya kwanza ilikuwa na wabunge waliotokana na vuguvugu la wakulima, vyama vya ushirika vya kahawa nyuma yao, na miaka mingi ya mashauri mahakamani. Uamuzi wa pili uliwahusu watu wachache, wasio na kahawa ya kutosha kuwafanya waogopwe. Wala sioni haja ya kutafuta njama ya kikoloni hapa, maana serikali iliyowahamisha ilikuwa yetu. Grzimek kwa upande wake aliandika bila kuficha kwamba hifadhi ya kweli haipaswi kuwa na wakazi, hata Wamasai. Fedha zake zilikuja zikiwa na imani hiyo, na dola yetu ikaona imani hiyo ni rahisi kuitekeleza.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wanaharakati rafiki zangu, wanaoishia kwenye hamisha hiyo na kufunga kitabu. Tazameni visiwa vilivyoachwa wazi. Sangara alipotawala ziwa katika miaka ya 1980 na soko lake likafika Ulaya, kambi za uvuvi zilifurika visiwani. Sangara ana mafuta mengi, hakauki juani kama dagaa au furu. Anayebaki bila kununuliwa na kiwanda hukaangwa au hubanikwa kwa moshi, na moshi unataka kuni. Msitu wa Rubondo usingevuka miaka ile ukiwa mzima bila askari na bila bunduki. Watu wa Muleba nao wamefaidika bila kuulizwa, kwa kuwa maji yanayolindwa kuzunguka hifadhi ni mazalia ya samaki wanaowavua nje ya mpaka. Kwa hiyo marka za Frankfurt zilinunua kitu halisi. Kosa lilikuwa katika mezani pa mapatano: palikuwa na viti viwili, cha mfadhili na cha serikali.

Je, kiti cha tatu kinawezekana? Mfano ninaoutumia darasani unatoka mbali, pwani ya British Columbia, Kanada, kwenye msitu wa mvua wa nchi za baridi ujulikanao kama Great Bear Rainforest. Mwaka 2005 shirika la Raincoast, kwa michango ya watu binafsi, lilinunua haki za kibiashara za kuongoza wawindaji katika eneo kubwa la pwani hiyo, kisha likaacha kuwinda. Ni hila nzuri ya kisheria: unanunua leseni ya kuua dubu ili isitumike. Lakini lenye uzito zaidi kwetu ni kwamba shirika lilifanya hivyo likishirikiana na mataifa ya wenyeji wa asili wa pwani ile, na mwaka 2007 ukaundwa mfuko wa dola za Kanada milioni 120, nusu kutoka kwa wahisani binafsi na nusu kutoka serikali mbili, ya jimbo na ya shirikisho, ukilenga mataifa hayo yenyewe: uhifadhi wao na uchumi wao. Wenyeji wa pale hawakuupata ukarimu huo bure. Walikuwa wamefunga barabara za magogo na kushinda kesi. Ni kama wapangaji wa nyarubanja tu.

Kwetu Kagera mtihani uliobaki ni msitu wa Minziro, uliokuwa Bukoba Vijijini kabla wilaya ya Missenyi haijamegwa. Ni msitu wa majimaji mpakani mwa Uganda, unaoungana na misitu ya Sango Bay, na una makumi ya aina za ndege wa misitu ya Kongo wasioonekana kwingine popote Tanzania, pamoja na mamia ya aina za vipepeo. Vita vya 1978 na 1979 vilipita jirani yake. Lakini Minziro haina sokwe wa kupanda juu ya meza ya studio. Mchango wa umma hufuata sura: hufuata faru wa ukurasa wa mbele, hufuata macho ya mtoto wa nyani. Ndege mdogo wa kahawia anayejificha kwenye matete hachangiwi na mtu wa mbali, na kama atachangiwa, itakuwa na mtu wa karibu.

Watu wa karibu tunajua kuchanga. Mkoa huu umejengwa kwa makato ya kahawa, kwa shule za wazazi, kwa bahasha za watani na wanandugu walioko Dar es Salaam. Shida iko kwingine. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipobomoa nyumba Bukoba na vitongoji vyake, nchi nzima ilichanga. Januari 2017 Rais Magufuli alikuja Bukoba akaeleza kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba, na kwamba michango ingeelekezwa kwenye shule, hospitali na miundombinu ya umma. Hoja ya kiutawala ipo, na mtumishi wa umma anayesoma hapa anaielewa. Lakini mwananchi aliyelala chini ya turubai alijifunza jambo juu ya mchango wa umma: ukishapita mlango fulani, aliyechangia na aliyechangiwa wote hawana neno. Leo ukimwomba mtu huyo elfu mbili kwa ajili ya Minziro, atauliza kwanza nani anaweka saini kwenye akaunti.

Ni swali halali, na majibu yake yanazidi kuwa machache. Sheria ya Fedha ya 2020 ilihamishia mapato ya hifadhi za taifa katika mfuko mkuu wa Hazina. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalikuwa yamekwisha kuunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707, ikiingia hadi ndani ya Muleba. Vijiji vinavyopakana nayo vina haki ya kuuliza, kwa barua na kwa njia ya madiwani wao, ni nani anayewawakilisha pale mipaka, maji ya mifugo na fidia ya mazao vinapojadiliwa. Banyarubondo hawakuwa na diwani wa kumwandikia.