Chandarua si cha mbu tu

Ukitaja chandarua Kizuka, au popote kwenye mwambao wa Rumonge, msikilizaji atafikiria kitanda na mbu wa ziwani. Hakosei. Lakini kamusi zetu zinaeleza pia maana nyingine: kitambaa kinachotandazwa juu ili kuwafunika watu. Neno hili lina asili ya Kihindi, na Wagujarati hadi leo huita kitambaa cha namna hiyo chandarvo.

Maana hiyo ndiyo inayohitajika kwenye harusi ya Kihindu. Bibi na bwana harusi huketi chini ya mandapu, kibanda cha nguzo nne, mbele ya moto mtakatifu ambao huuzunguka mara nne kwa desturi ya Wagujarati, mara saba kwa jamii nyingine nyingi. Nguzo huwa za mbao zilizonakshiwa, mianzi au vyuma vilivyovishwa maua. Juu hutandazwa kitambaa, mara nyingi chekundu au cha dhahabu. Anayechagua mtindo aanze na moto: paa liwe juu vya kutosha au liache upenyo wa moshi, na pawe na nafasi ya kuuzunguka.

Kwa hiyo napendekeza tuseme mandapu kwa kibanda kizima, na chandarua kwa kitambaa cha juu. Turubai tuliachie wageni wanaokaa nje. Neno chandarua tunalo tayari. Tulitumie kwa upana wake wote, maana lugha hudumaa maneno yake yanapobaki na kazi moja tu.